Nafasi Mbili za Rukia

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, baraza langu hapa Makole linageuka zahanati. Mnaingia wawili wawili, shikamoo ya haraka, simu mkononi, na swali ni lile lile: Mwalimu, kwa alama hizi sheria nitapata? Nimestaafu, wanangu. Kazi ya kujibu swali hilo niliikabidhi siku nilipokabidhi funguo za ofisi. Lakini hamkomi, na mdomo wangu nao hauna breki, kwa hiyo nimeona niyaandike mara moja, msome wenyewe, mniache nimwagilie mchicha wangu kwa amani.

Kwa cheti mimi ni mwalimu wa historia. Kwa adhabu nikawa mwalimu wa taaluma. Nilikuwa nimembishia mkuu wa shule, Mwalimu Chilewa, mbele ya kikao cha walimu, kuhusu ratiba. Alisubiri nimalize, kisha akasema kwa upole kwamba kwa kuwa naijua ratiba kuliko yeye, basi kuanzia Jumatatu ni yangu. Pamoja na ratiba nikarithi mitihani, na pamoja na mitihani nikarithi msimu wa vyuo, yaani kukaa na mtoto mmoja mmoja wa kidato cha sita na kumwambia ukweli kuhusu mahali anapoweza kwenda. Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Ratiba ukikosea, watu wananung'unika wiki moja. Mtoto ukimpotosha kwenye chuo, atakusalimia kwa shingo upande mpaka uzeeni.

Chilewa ndiye aliyenifundisha. Alinikataza kabisa neno "utapata". Alisema hilo si neno la mwalimu, ni la mganga. Badala yake alinikalisha kwenye kiti chake, yeye akakaa upande wa wageni, akasema: sasa wewe ndiye unayechagua. Mbele yako kuna watoto wa shule zote kubwa za nchi hii, wote wanaijua historia, wote wanaandika vizuri. Huyu wako wa Dodoma utamchukua kwa sababu gani? Nililichukia swali hilo. Nimelitumia miaka yangu yote, na ninyi nawapa bure.

Mengine niliyajua kwa kuungua. Alama za mtihani wa majaribio nilikuwa nikizipunguza kabla ya kuziamini, kwa sababu walimu wengine wana huruma, wanazijaza lumbesa, kama gunia lililopitiliza mdomo. Kwa mwenye kutaka sheria nilianza na Kiingereza kabla ya Historia, maana hukumu zote atakazosoma zimeandikwa kwa Kiingereza na wanaochagua wanalijua hilo. Halafu niliuliza sababu. Kijana mmoja aliniambia anapenda suti. Mwingine alikuja na baba yake kutoka Mvumi. Mzee ana kesi ya shamba na jirani, akataka kujua kama mtoto anaweza kuanza na somo la mipaka, mengine yakafuata. Nilimwambia sheria haisomwi vipande vipande. Akafikiri kidogo, akasema basi hata ualimu si mbaya.

Ninyi mnaopita Mtumba na kuona majengo ya wizara mnadhani mji huu ulizaliwa hivyo. Wakati ninaouzungumzia, Dodoma ilikuwa ya vumbi, na gazeti la asubuhi lilitufikia kwa basi mchana. Nilipoanza kazi, mwenye kutaka sheria alikuwa na mlango mmoja tu, chuo kikuu cha serikali kule Dar es Salaam. Ukiitwa unakwenda na serikali inalipa, usipoitwa unatafuta mengine. Halafu likaja soko huria. Mashirika yakauzwa, benki za kigeni zikafunguliwa, kampuni za madini zikaingia, na ghafla kila mzazi akataka mwanasheria nyumbani. Wanafunzi wakaambiwa wachangie gharama. Vyuo vya binafsi vikaanza kuchipua, vingine vikiwa na walimu, vingine vikiwa na geti. Hapo ndipo watoto walipoanza kuja kwangu na nafasi mbili mkononi, nami nikagundua kwamba mwenye nafasi mbili anateseka kuliko asiye na hata moja, ingawa ukimwambia hivyo aliyekosa anaweza kukupiga.

Rukia alikuwa msichana wa Kibaigwa. Mama yake, Bi Zena, ni Mrangi wa Kolo aliyekuja na mumewe kufuata biashara ya mahindi. Mume akafariki mapema, naye akabaki sokoni, akawa dalali. Dalali wa Kibaigwa hana hata gunia lake mwenyewe; anamkutanisha mkulima na mwenye lori, akapata chake katikati. Kwa kazi hiyo alimsomesha mtoto mpaka kidato cha sita. Rukia mwenyewe alikuwa mkimya, mwenye mwandiko wa kubana, anayebisha kwa kuuliza maswali bila kupaza sauti. Nilimpenda, nasema wazi. Mwalimu anayewaambia hana mwanafunzi anayempenda zaidi anawadanganya.

Matokeo yakatoka: daraja la kwanza, Historia B, Kiswahili B, Kiingereza C. Wenzangu ofisini walipiga makofi. Mimi niliiona ile C nikakaa chini.

Alikuwa ameomba sehemu mbili. Ya kwanza ni kule kule Dar es Salaam, chuo kikubwa, ambako majaji na mawakili wote tuliowajua walisoma. Hicho ndicho alichokitaka tangu kidato cha tatu, tangu siku nilipowapeleka darasa zima mahakamani wakasikilize kesi, akarudi hasemi kitu kingine. Ya pili ni chuo kipya cha binafsi, upande wa mashariki kutoka kwetu, sitakitaja. Tulikiomba kwa kujihami tu. Kumbe chuo hicho kipya ndicho kilichojibu kwanza. Walikuwa wanatafuta wasichana wenye daraja la kwanza, na walimpa Rukia ufadhili kamili: ada, malazi, chakula, vitabu, mpaka amalize. Sharti moja tu. Alitakiwa kujibu kwa simu kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, la sivyo anaandikwa mwingine. Na majina ya chuo kikubwa yalikuwa hayajatoka, wala hakuna aliyejua yatatoka lini.

Nikafanya zoezi la Chilewa. Nilijifungia ofisini, nikajiweka kwenye kiti cha wale wanaochagua, nikamchukua Rukia, nikamwacha, nikamchukua tena. Ile C ndiyo iliyokuwa inanirudisha nyuma. Kulikuwa na minong'ono kwamba mwaka huo wasichana watalegezewa kidogo, lakini huwezi kumshauri mtoto kwa minong'ono. Halafu kuna jambo ambalo wengi wenu mnalisahau mpaka leo: kuitwa ni jambo moja, kudhaminiwa ni jambo lingine. Angeweza kuitwa kule Dar bila udhamini wa serikali, na Bi Zena asingeweza kulipa. Hata akipewa udhamini, bado kulikuwa na yale ya kuchangia.

Nikaenda kwa wakili mmoja wa mtaa wa Uhindini niliyemfundisha zamani, nikamuuliza kuhusu kile chuo kipya. Alinijibu kama wakili, yaani pande zote mbili. Walimu ni wazuri, alisema, wengine ni wale wale wa Dar wanaokwenda kufundisha kwa zamu. Lakini hakuna aliyewahi kumaliza pale. Ukimaliza shahada bado kuna mtihani wa uwakili, na mpaka kundi la kwanza liende likaufanye, hakuna mtu mwenye kujua watapokewaje. Nilimuuliza: mwanao ungempeleka? Akacheka, akaniagizia chai.

Basi nikaamua kumshauri Rukia vile tulivyokuwa tukiwashauri wote. Pokea hii ya ufadhili, nyamaza, subiri majina ya Dar. Yakitoka una jina lako, unakwenda Dar. Yakitoka huna, una pa kulala. Siku hizi mfumo unawalazimisha mthibitishe chuo kimoja, mkikosea mnaanza kuombana namba za siri za kubadilishia chuo. Zamani hakukuwa na wa kukuzuia. Kila mwalimu wa taaluma niliyemjua, kuanzia Singida mpaka Morogoro, alitoa ushauri huo, na mimi niliutoa nikiwa na uhakika nao kama wa kufunga kamba za viatu.

Alhamisi Bi Zena akaja shuleni mwenyewe, ametoka sokoni moja kwa moja, pumba za mahindi bado ziko kwenye kilemba. Nikamweleza yote, Rukia amekaa pembeni yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: tukisema ndiyo, ile nafasi wataiandika jina la Rukia? Nikasema wataiandika. Akauliza tena: na wengine wataambiwa imejaa? Nikasema bila shaka. Akatikisa kichwa.

"Basi hiyo ni arbuni, Mwalimu," alisema. "Siwezi kupokea arbuni ya huyu, halafu mzigo nikampakilia mwingine kwa kuwa kaja na bei nzuri."

Niwaeleze wale ambao hamjafanya biashara. Pale Kibaigwa mnunuzi akishaona mahindi akayapenda, anaacha arbuni kwa dalali, pesa kidogo tu ya kuonyesha kwamba ameshika, kisha anakwenda kutafuta lori. Tangu hapo mzigo ni wake. Akitokea mwingine saa moja baadaye na bei maradufu, dalali anamwambia umechelewa. Hakuna karatasi wala shahidi. Dalali akiuuza mzigo wenye arbuni hapigwi wala hapelekwi polisi. Kesho yake anakuja sokoni kama kawaida, na hakuna mkulima anayemletea gunia.

Nilikasirika. Nilimwambia chuo si lori, na nafasi ya chuo si mahindi. Nilimwambia chuo chenyewe kinajua watoto wanashika nafasi mbili mbili, na kimeshajipangia. Nilisema mengi, mengine kwa sauti ambayo mama mtu mzima hastahili kuambiwa. Yeye alisema tu kwamba Rukia akisema ndiyo, ndiyo hiyo itakuwa ndiyo, na akisema hapana yeye mama atakuwa radhi pia, lakini mambo ya kusema ndiyo huku mguu uko mlangoni hayatafanyika nyumbani kwake.

Kwa hiyo ile njia yangu rahisi ikafungwa, na mtoto akalazimika kuchagua kweli, siku ile ile, bila kujua majina ya Dar yana nini.

Jioni hiyo nilimtembeza Rukia kwenye uwanja wa mpira, nikamwambia ninayoyajua. Jina la chuo ni kitu cha kweli, nikamwambia, wala asidanganywe na wanaojifanya hawalijali. Mwajiri asiyekujua anasoma jina la chuo kabla hajasoma lako. Wenzako wa darasani ndio watakaokuwa mahakimu na makatibu, na utawahitaji. Lakini nikamwambia pia kwamba anayesoma bila kuwaza kula anasoma kurasa mbili wakati mwenzake anasoma moja, na nimeona watoto wenye akili wakifeli kwa sababu ya sahani ya wali. Kisha nikamuuliza swali ambalo nataka ninyi nanyi mjiulize kabla ya kuja kwangu. Ukikosa vyote, mwakani utafanya nini? Akafikiri. Mwakani mdogo wake alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Rukia hakuwa na mwakani.

"Ungekuwa wewe, Mwalimu?" aliniuliza.

Nikamwambia nisingeacha kilichopo. Nilisema hivyo kwa sababu ya ile C, na ningesema hivyo hivyo leo.

Ijumaa tukakaa ofisini kwa Chilewa, kwenye simu pekee ya shule. Hamjui adha ya simu za zamani. Unazungusha, inalia kama mtu anakohoa, inakata. Unazungusha tena, wanaongea watu wengine kabisa kuhusu bei ya saruji. Saa tano ikapita. Chilewa, ambaye kwa kawaida hakuna kinachomtikisa, alikuwa amesimama dirishani anaihesabu miti. Karibu na saa sita ndipo mtu akapokea. Rukia akasimama wima kama yuko mbele ya darasa, akataja jina lake, akasema naikubali nafasi, akasema ndiyo mimi mwenyewe, akasema asante. Akaweka simu chini, akatushukuru kwa adabu, akatoka. Mimi nilibaki nimeshika uzi wa ile simu, sijui kwa nini.

Majina ya Dar yakatoka wiki iliyofuata. Nilikuwa stendi kama kawaida yangu nasubiri gazeti, nikalifungulia pale pale juu ya ndoo ya muuza karanga. Nikashuka na kidole kwenye orodha ya sheria. Alikuwepo. Nikasoma na namba ya mtihani, isije ikawa Rukia mwingine. Ni yeye, na amewekwa kwa udhamini wa serikali. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia muuza karanga, na papo hapo nikamwachia, kwa sababu nilikumbuka Bi Zena atasema nini.

Nikapanda basi kwenda Kibaigwa mchana ule ule. Soko lilikuwa limejaa malori, wapakiaji wanakimbia na magunia migongoni, kinamama wanapeta mahindi yaliyomwagika. Nilimkuta Bi Zena anabishana na dereva, na Rukia kachuchumaa, anashona midomo ya magunia kwa sindano kubwa. Nikampa Rukia gazeti. Alisoma akiwa bado amechuchumaa. Akalikunja vizuri, akaliweka chini ya goti, akaendelea kushona. Mshono wote ulikwenda kombo, na mkulima mwenye gunia akaona, akamwacha aendelee.

Mama yake akaja. Nilimwambia mimi mwenyewe, kwa sababu Rukia alikuwa ameinamia gunia. Bi Zena alifurahi. Uso wake wote ulifunguka, akasema alhamdulillahi, akamshika mtoto kichwani. Kisha uso ukafunga.

"Wale wa kwanza tulishawaambia ndiyo," alisema.

Nikaanza tena. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, kutoka Dodoma mpaka pale. Nikamwambia hii ni bahati inayopita mara moja. Nikamwambia wale hawatajua hata kama Rukia aliitwa kwingine. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa, kisha akanijibu taratibu, bila hasira, na maneno yake nayakumbuka yote.

"Mwalimu, mimi hapa sina duka, sina lori, mizani yenyewe naazima. Nina neno tu. Watu wote hawa unaowaona wananipa mali zao kwa neno. Nikimfundisha mwanangu kwamba neno linavunjwa likija la faida, atakwenda kusomea sheria gani hiyo?"

Lakini msidhani nilikubali. Nilikuwa nimesimama katikati ya vumbi la mahindi nikimwona mtoto mwenye kipaji anazuiwa na adabu ya sokoni, na nilitamani kulia kwa hasira.

Hapo ndipo Rukia alipoinuka. Hakumbishia mama yake. Aliuliza swali, kama kawaida yake.

"Mama, mtu akishapokea arbuni, akataka kuirudisha, hakuna namna?"

Bi Zena alisema ipo, ila watu hawaipendi kwa sababu inaaibisha. Arbuni inarudishwa, lakini haitumwi kwa mtu wala kwa barua. Unaipeleka mwenyewe, kabla mzigo haujapakiwa, unasimama mbele ya aliyekupa na kumwambia nimepata pengine, naomba uniachie. Akikuachia, umetoka salama. Akikataa, mzigo ni wake, na unampakilia bila kununa.

"Na wakikataa?" nikauliza.

"Atasoma kwao," akasema Bi Zena. "Tumeelewana, Rukia?"

Nilimvuta Rukia pembeni. Nilimwambia, na sioni haya kuwaambia, kwamba halazimiki kwenda kuomba chochote. Ana umri wake, jina lake liko gazetini, anaweza kupanda basi la Dar. Nikamwambia pia hatari ya kwenda. Wale watu walimtaka sana, na akisimama mbele yao akaomba, wana haki ya kusema hapana, na hapo ataipoteza Dar kwa mdomo wake mwenyewe. Alinisikiliza, akageuka, akamuuliza mama yake basi la asubuhi linapita saa ngapi.

Tulikwenda watatu. Chuo kilikuwa kipya mpaka kinanuka rangi. Wakati tunasubiri kuitwa, nilifanya kazi yangu, nikazunguka. Nataka mjue hili pia: usikipime chuo kwa geti lake, nenda maktaba, chukua kitabu cha sheria, tazama kama kurasa zimechakaa. Nilitamani sana nikikute kile chuo kibovu, nipate hoja. Vitabu vilikuwa vichache lakini vilikuwa vimeshikwashikwa. Kwenye darasa moja mwalimu alikuwa anafundisha kundi dogo la mwaka wa pili, na kila mtoto alikuwa anajibu. Nilirudi kwenye benchi bila ile hoja.

Msajili alikuwa mzee mwenye miwani minene, aliyewahi kufanya kazi mahakamani kabla ya kustaafu. Tukamwamkia. Rukia akasimama, akaeleza yote bila kujitetea: kwamba alipiga simu Ijumaa, akasema ndiyo, na alimaanisha, kwamba jina lake limetoka Dar es Salaam na ndiko alikotaka kusoma tangu zamani, kwamba hajaja kusema anaondoka, amekuja kuomba aachiwe. Yule mzee alivua miwani. Alisema nafasi ile waliifunga kwa sababu ya simu yake. Alisema wafadhili wameshaandikiwa kwamba msichana amepatikana. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, na mimi nilikuwa naona mlango wa Dar unajifunga polepole.

"Na nikisema hapana?" msajili akauliza.

"Nitabaki, mzee," alisema Rukia. "Nitasoma, na habari hii sitaitaja tena."

Msajili akamgeukia Bi Zena, akamuuliza kama amekuja kumwombea mtoto.

"Hapana," alisema Bi Zena. "Nimekuja kuona anairudisha vizuri."

Mzee akachukua jalada, akatoka nje. Alikaa sana. Feni ya juu ilikuwa inazunguka huku inagonga. Rukia alikuwa amesimama bado, ingawa hakuna aliyemwambia asikae. Nilianza kupanga kichwani jinsi nitakavyomfariji ndani ya basi, na kila nilichokipanga kilikuwa uongo.

Msajili aliporudi hakuketi. Alisema mwaka huu wameshamkimbia kadhaa. Anawajua, kwa sababu na yeye gazeti amelisoma. Hakuna hata mmoja aliyepiga simu, sembuse kuja, na viti vyao vitakaa vitupu muhula mzima, kwa kuwa mpaka athibitishe kwamba hawaji, masomo yatakuwa yameshakwenda mbali na waliokataliwa watakuwa wameshashika mengine.

Kisha akaivuta simu ya mezani, akazungusha namba, akasubiri. Akaomba duka fulani kule Manyoni, akaomba aitiwe binti wa nyumba jirani, aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya waliokosa nafasi. Tukasubiri tena, tukisikia kwa mbali watu wanaitana. Sauti ya msichana ilipokuja kwenye waya, mzee hakuzungumza. Alimnyooshea Rukia mkonga wa simu.

"Kiti bado ni chako," alimwambia. "Mpe wewe."

Rukia aliupokea kwa mikono miwili. Akataja jina la chuo, akasema nafasi ya sheria imepatikana, ada ipo, chakula kipo, vitabu vipo, aje kabla masomo hayajaanza. Ilibidi arudie, kwa sababu yule wa upande wa pili hakuamini. Kisha tukasikia yule msichana akimuuliza yeye ni nani.

"Mimi?" alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimeikalia."

Aliendelea kuushika ule mkonga sikioni muda mrefu, akimsikiliza mtu asiyemjua akilia na kumwita mama yake, na hakuna hata mmoja wetu mle ndani aliyemharakisha.